Kutoka Diploma Hadi Digrii: Vidokezo 12 vya Kukufikisha Chuo Kikuu Bila Kupoteza Mwaka

Uko KIST Mbweni mikono imejaa grisi, au unamalizia utawala pale IPA, na kila gari ikipita mbele ya lango la SUZA Tunguu moyo unakwambia: na mie nataka. Vizuri sana! Njia ipo na wenzako wengi wameshaipita. Kinachowachelewesha watu hapa Unguja aghalabu si akili, ni makaratasi. Kijana ana GPA ya kutamanisha, lakini anakaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya herufi moja kwenye jina, au namba aliyochelewa kuiomba. Sasa chukua kalamu, tuhakikishe kijana huyo si wewe.

1. Usingoje kuhamishwa, omba upya

Una binamu Marekani? Basi ameshakwambia kwamba huko mtu husoma miaka 2 katika chuo cha jamii, kisha akaingia moja kwa moja mwaka wa tatu wa chuo kikuu cha serikali. Anasema kweli. California wamejenga elimu yao ya juu juu ya utaratibu huo tangu mpango wao mkuu wa mwaka 1960. Kwetu mambo ni mengine. Mwenye diploma, yaani stashahada, huomba kama mwombaji mpya na kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka Form Six. Unasikitika? Usisikitike. Maana yake ni kwamba hukupita Form Six na bado mlango uko wazi kwako, sawa na wao. Jipangie tu hesabu ya miaka kamili: digrii nyingi ni miaka 3, baadhi ni 4, na udaktari ni 5. Mwambie mapema na anayekulipia ada, asije akadhani umebakisha mwaka mmoja.

2. Soma kitabu kilicho chako

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa miongozo ya udahili kila mwaka na kuiweka bure kwenye tovuti yake. Iko miwili. Mmoja ni wa waliomaliza Form Six, mwengine ni wa wenye diploma na sifa zinazolingana nayo. Ungeshangaa watu wangapi wanasoma ule usiowahusu, wanaona habari za pointi za A-Level, wanakata tamaa na kufunga simu!

Ukishapata ule wa kwako, usiusome kama hadithi. Fungua ukurasa wa chuo unachokitaka, tafuta programu, kisha soma ile sehemu ya sifa za kuingilia neno kwa neno. Mara nyingi hutaja kwa majina diploma zinazokubalika. Kama diploma yako haimo, ni afadhali ulijue hilo leo ukiwa umekaa barazani kuliko uje ulijue baada ya kulipa ada ya maombi. Andika programu 3 unazozipenda na masharti ya kila moja kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Ukurasa huo ubandike mahali unapouona kila siku, mlango wa kabati unafaa.

3. Itafute 3.0, kisha ipite

Kiwango cha chini cha TCU kwa mwenye diploma ya NTA ngazi ya 6 ni GPA ya 3.0. Diploma ya ualimu hutakiwa wastani wa B, na tuzo za afya kama ya utabibu hutakiwa wastani wa B+. Hivyo ni viwango vya kukuruhusu ubishe hodi tu. Programu zenye waombaji wengi huweza kudai zaidi, na hata zisipodai, mwenye 3.8 atakaa mbele yako kwenye foleni.

Sasa siri ambayo wanafunzi wengi huigundua semista ya mwisho: masomo hayana uzito sawa. Katika ngazi ya 6, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na kila alama huzidishwa kwa krediti za somo. Tuseme una somo la krediti 12 na jengine la krediti 6. Ukipata A kwenye dogo na C kwenye kubwa, wastani wako ni 3.0. Ukigeuza juhudi, ukapata B+ kwenye kubwa na C kwenye dogo, unafika 3.33. Usiku ni ule ule, chai ni ile ile, ila umesoma desa la somo jengine! Kwa hivyo semista ikianza tu, yapange masomo kwa krediti, kubwa juu, dogo chini. Halafu mgawanyo wa saa zako ufuate orodha hiyo, usifuate mwalimu gani anachekesha darasani.

Na sapu? Usiikimbie wala usiione aibu. Anayeificha sapu mpaka ikawa keri ndiye anayemaliza diploma wenzake wakiwa wameshapata vitambulisho vya chuo kikuu.

4. Form Four bado inakudai

Ulidhani umeachana nayo? Masharti ya TCU yanataka, pamoja na diploma, angalau ufaulu wa masomo manne ya Form Four, D kwenda juu. Na hapa Visiwani kuna jambo la kuangaliwa vizuri: masomo ya dini mara nyingi hayahesabiwi. Kama una D nne na moja kati ya hizo ni Elimu ya Dini ya Kiislamu, hebu soma tena masharti ya programu yako kabla hujaenda mbali. Pia wako wanaodai somo maalumu, kama hesabu au baiolojia, kutoka Form Four hiyo hiyo.

Umepungukiwa na somo moja? Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea wakati bado unasoma diploma. Somo moja la jioni kwa mwaka mmoja si mzigo wa kumtisha mtu aliyekwisha kumaliza semista mbili za takwimu.

5. Jina lako liwe moja tu duniani

Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo panapoumiza.

Zanzibar tuna majina machache na tahajia nyingi. Mohamed, Mohammed, Muhammed, Muhammad. Khamis na Hamisi. Fatma na Fatuma. Saleh na Salehe. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Khamis Juma. Cheti cha Form Four kinasema Asha Hamis Juma, kwa sababu karani wa skuli siku hiyo alikuwa na haraka. Diploma inakuja na Asha K. Juma. Kwa mama yake huyu ni mtoto mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyetimiza masharti.

Fanya hivi jioni ya leo. Tandika mkeka, toa karatasi zako zote: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, cheti cha Form Four, matokeo ya chuo. Mpe ndugu yako karatasi moja, wewe shika nyengine, na msome jina herufi kwa herufi kwa sauti, kama mnavyosoma namba ya vocha. Macho yako mwenyewe yatakudanganya, yamelizoea jina lako mno kiasi kwamba hayaoni kosa.

Mkikuta tofauti, jua kwamba mhimili ni cheti cha Form Four, kwa sababu mifumo ya udahili inakutafuta kwa namba ya mtihani wa Form Four. Kama bado uko chuoni, nenda sasa hivi ofisi ya usajili uombe jina lirekebishwe lifanane na la Form Four kabla ya cheti kuchapwa. Kabla ya kuchapwa ni suala la barua na subira. Baada ya kuchapwa ni suala la wakili, hati ya kiapo au hati rasmi ya kubadili jina, na mfuko wako. Na kabla ya kumlipa wakili, kiulize chuo unachokiomba kinakubali hati ipi kati ya hizo mbili. Watu wamelipia moja wakaambiwa ilitakiwa nyengine.

6. AVN: namba ndogo, kelele kubwa

Mwenye Form Six anaingiza namba yake ya mtihani na mambo yanakwenda. Wewe wa diploma unahitaji kitu cha ziada: namba ya uhakiki wa tuzo, ambayo kila mtu anaiita AVN. Inatolewa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo wengi bado wanaliita NACTE kwa mazoea. Namba hii ndiyo inayokiambia chuo kikuu kwamba diploma yako ni ya kweli na GPA yako ni hiyo uliyoisema. Bila ya AVN maombi yako yanabaki njiani.

Unaiomba mwenyewe mtandaoni. Lakini kuna fundo: haitoki mpaka chuo chako kiwe kimeyapeleka matokeo yako NACTVET. Kwa hivyo kubonyeza simu usiku kucha hakusaidii kama faili bado liko kwenye meza ya ofisi ya mitihani. Nenda uulize, na uulize kwa adabu:

"Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Nimekuja kuulizia kama matokeo ya kundi letu yameshapelekwa NACTVET, maana nataka kuomba AVN kabla dirisha la udahili halijafunguliwa."

Swali moja, sentensi mbili tatu, na unaondoka na jibu. Nenda na wenzako wawili watatu wa darasa, si kwa kufanya fujo, ila ofisi inayoona kundi zima linangojea hulichukulia jambo kwa uzito mwengine. Na wewe uliyesoma Muscat, Nairobi au kwengineko nje: cheti chako cha sekondari kinahitaji ulinganisho kutoka NECTA, na diploma yako ulinganisho kutoka NACTVET. Anza mapema kupita sisi wote.

7. Bahasha ya sheha

Hakuna safari ya karatasi Zanzibar isiyopita kwa sheha. Barua ya utambulisho, saini kwenye fomu ya mkopo, uthibitisho wa makazi, zote njia yake ni hiyo hiyo. Nenda asubuhi, chukua kitambulisho na picha za pasipoti, na uombe vyote unavyovihitaji kwa safari moja, kisha uvitie kwenye bahasha moja. Sheha naye ni binadamu. Anayegongewa mlango mara nne na kijana yule yule ataanza kutafuta kisingizio.

Cheti cha kuzaliwa kama kimepotea au ni cha zamani kisichosomeka, kishughulikie kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ZCSRA, kwenye ofisi ya wilaya yako. Kisha piga picha safi za kila karatasi, juani, bila ya kivuli cha kichwa chako, na uzihifadhi mahali pawili: kwenye simu na kwenye barua pepe. Simu huanguka baharini, hilo tunalijua tuliokulia Forodhani. Kila faili lipe jina linaloeleweka. "IMG_4471" haimsaidii mtu saa tano ya usiku.

8. Mkopo hauwasubiri wanaosubiri

Bodi ziko mbili. Ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na ipo HESLB, ile inayotajwa sana kwenye redio za Bara. Soma masharti ya zote mbili, uamue ipi inakufaa kwa chuo na programu yako, na usijenge maisha yako juu ya ndoto ya kupokea bumu mbili.

Kosa linalowapata wengi wa diploma ni kusubiri majibu ya udahili ndipo waanze habari za mkopo. Madirisha haya hayangojani. Mara nyingi la mkopo linakuwa wazi wakati wewe bado hujui utaitwa wapi. Omba yote kwa pamoja. HESLB, kwa mfano, hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, RITA kwa waliozaliwa Bara na ZCSRA kwa waliozaliwa huku, na uhakiki huo nao una siku zake. Mdhamini pia mtafute mapema: mjomba aliyeko Pemba hawezi kusaini fomu jioni ya siku ya mwisho, hata akupende vipi.

Mkopo ukichelewa, na hutokea, nani atakulipia nauli na chakula mwezi wa kwanza? Kaa na wazee wako mliongee wazi. Wengi wa diploma wana faida hapa, maana wameshafanya kazi, hata ya muda, hotelini Nungwi au dukani Darajani. Weka akiba ya mwezi huo mmoja tu. Inaleta usingizi.

9. SUZA si Tunguu peke yake

SUZA, chuo kikuu chetu cha umma, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kusomesha mwaka 2001. Tangu hapo kimevikusanya vyuo kadhaa vilivyokuwa peke yake, ndiyo maana kampasi zake zimetawanyika Unguja na Pemba. Makao makuu yako Tunguu. Vuga iko ndani ya Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya Kiswahili na lugha za kigeni, ile TAKILUKI ya zamani. Nkrumah iko Beit el Ras, chuo cha walimu cha miaka mingi. Ipo Maruhubi yenye historia ya utalii, Chwaka ya fedha na biashara, Mbweni ya afya, Kizimbani ya kilimo, na kampasi ya Benjamin Mkapa kule Pemba.

Kwa nini nakusumbua na jiografia? Kwa sababu unaweza kuwa unakaa Malindi, ukafurahi umepata "SUZA", halafu ukaona ratiba inakutaka Chwaka, pwani ya mashariki, saa 2 asubuhi. Uliza kampasi kabla ya kuthibitisha. Kisha fanya safari ya majaribio siku ya kazi, si Jumapili. Kwa Beit el Ras na Maruhubi, daladala ya 502 ya Bububu inakupitisha. Kwa Tunguu, gari za kusini, za Makunduchi, Paje na Jambiani, hupita huko; simama Kwerekwe asubuhi uone mwenyewe zinajaa vipi, konda anapiga bodi na kuita, na wewe unahesabu muda kwenye saa ya simu. Ukishajua safari yako inachukua muda gani, utajua kama unahitaji dahalia au unaweza kurudi nyumbani kula. Nafasi za dahalia huombwa mapema, na wanaotoka Pemba na mashamba ya mbali wanazihitaji kuliko sie wa mjini. Tuwe waungwana.

Na kama programu yako haipo hapa, boti ipo. Uhandisi wa aina fulani, ardhi, misitu, mifugo: kuna Dar es Salaam, Ardhi, Sokoine kule Morogoro, Dodoma. Ule mwongozo wako wa TCU ni ule ule kwa vyuo vyote, vya huku na vya Bara, na maombi unayafanya ukiwa umekaa Michenzani. Tangu mwaka 2017 unaomba moja kwa moja kwenye chuo chenyewe, si kupitia mfumo mmoja wa TCU kama zamani. Kwa hiyo kila chuo kina akaunti yake na neno lake la siri. Yaandike daftarini. La, usitumie jina la mpenzi wako kwa yote, mapenzi yana mabadiliko.

10. Ukiitwa, itika!

Udahili huenda kwa awamu. Ukiomba vyuo viwili vitatu, inawezekana ukachaguliwa zaidi ya kimoja, na hapo TCU inakutaka uthibitishe kimoja tu kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu. Muda wa kuthibitisha ni siku chache. Usipothibitisha, nafasi huitoi kwa adui, unaitoa kwa mtu asiyekujua kabisa.

Kwa hivyo laini uliyoombea iwe yako, iwe hewani, na isiwe ile unayoiazima kwa dada ukitaka kupiga Oman. Ikiwa meseji haikufika, ingia kwenye akaunti yako ya chuo uiombe tena, na ukishindwa wapigie ofisi ya udahili asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Hukuchaguliwa awamu ya kwanza? Awamu ya pili ni awamu kamili. Angalia programu gani bado zina nafasi, ubadilishe machaguo yako kwa akili, usirudie yale yale kwa hasira. Na ukishaingia ukaona umekosea programu, TCU hutoa dirisha la uhamisho kwa waliokwisha kudahiliwa. Ni fupi, lina masharti, lakini lipo.

11. GPA imegoma? Zunguka nyuma

Una 2.6 na unasoma makala hii kwa kinyongo. Njoo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye kituo hapa Zanzibar, kina programu ya msingi kwa watu waliokosa sifa za moja kwa moja. Mwenye diploma ya GPA kuanzia 2.0 anaweza kutumia njia hii: unasoma masomo sita ya msingi, unatafuta GPA ya 3.0, na usipungue C katika masomo matatu ya fani unayoitaka. Ukifaulu, TCU inakutambua kama mwombaji wa digrii.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kusoma huku unafanya kazi. Ubaya wake ni huo huo. Hakuna kengele, hakuna mwalimu anayekufuata, na barazani kahawa ni tamu. Wanaofanikiwa ni wale wenye saa maalumu. Jaribu kati ya alfajiri na chai, nyumba ikiwa bado haijaamka na hakuna wa kukutuma dukani.

12. Ukishaingia, uza ulichonacho

Wiki ya kwanza utakaa karibu na kijana wa Form Six anayejua kanuni zote za hesabu kichwani. Utajiona umezeeka. Wala! Wewe umeshakwenda fildi, umeshaandika ripoti, umeshakaa mbele ya mkuu wa idara ukaulizwa maswali. Yeye bado hajajua bosi akinuna anakuwaje. Fanyeni biashara: yeye akufundishe hesabu za A-Level ambazo diploma yako iliziruka, wewe umfundishe namna ya kuandika ripoti ya vitendo bila ya kudesa.

Na kabla wiki mbili hazijaisha, chukua transkripti yako na mitaala ya diploma, nenda kwa mkuu wa idara na swali hili: kuna somo nililokwisha kulisoma ambalo ninaweza kusamehewa? Jibu huenda likawa hapana, na mara nyingi huwa hapana. Lakini likiwa ndiyo, hata kwa somo moja, omba lije kwa maandishi na nakala yake uiweke kwenye ile bahasha ya sheha, kwa sababu mwaka wa tatu, wakati wa kuhesabu krediti za kuhitimu, anayekumbuka mazungumzo yenu huenda ameshahamishiwa kampasi nyengine.